Kwa Mkono wa Mtu Mwingine

Soko zima la Yeoville, Johannesburg, lilijua kwamba binti wa Mama Arlène anasomea udaktari. Si udaktari wa sindano. Hapo Mama Arlène alikuwa mwepesi kukusahihisha, amesimama nyuma ya meza yake ya sabuni, mikono kiunoni. "Ule wa sindano watoto wa watu wengi wanao. Huyu wangu anaunganisha vitu venye havipendanaka!" Mteja aliyekuja kununua mche mmoja wa sabuni aliondoka na mche wake na somo la kemia juu, apende asipende.

Na usidhani mama huyu alikuwa akibwabwaja. Miaka minne mfululizo alikuwa amemhoji bintiye jikoni, kanisani, hata njiani wakipandisha kutoka Hillbrow na mifuko mikononi, mpaka akaielewa ile kazi kuliko baadhi ya waliokaa naye ofisi moja.

Kazi yenyewe, tukiisema kwa lugha ya watu, ilikuwa hivi. Kuna plastiki moja ngumu iitwayo polisulfoni, ambayo haitaki kusikia habari za maji. Kuna nyingine laini, inayoyapenda maji hadi inayeyuka humo humo. Arlène alitaka kuchukua mnyororo wa ile ngumu na mnyororo wa ile laini, aishikanishe ncha kwa ncha, itoke kitu kimoja chenye tabia zote mbili. Kitu hicho kingefaa kutengenezea utando wa kuchujia maji machafu, wenye ugumu wa kutopasuka na ulaini wa kutoziba. Kuzichanganya tu hakutoshi. Ukizichanganya zinakaa kama wapangaji wa Berea, nyumba moja, kila mtu na kufuli lake.

Sasa shida ikawa hapa. Ncha za mnyororo mgumu huamshwa na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, na soda hiyo inakaa kwenye maji. Minyororo nayo inakaa kwenye kiyeyushi chenye asili ya mafuta. Ukivitia chomboni vinalala tabaka mbili, maji ya soda chini, kiyeyushi juu, wala havisalimiani. Ndipo anapoingia kichocheo, chumvi fulani nyeupe, unatia kidogo tu. Hicho kinabeba mzigo upande mmoja, kinavuka mpaka, kinaushusha upande wa pili, kisha kinarudi mikono mitupu kubeba mwingine. Siku Arlène alipomweleza mamake habari hiyo, Mama Arlène alicheka hadi akashika mbavu. Alikuwa amefanya biashara Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, na aliwajua wale wabebaji ambao askari wa pande zote mbili huwaacha wapite.

"Kumbe chuoni munafundishwa magendo!" alisema.

Basi kufikia mwaka 2017 Arlène Kabwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mkazi wa Yeoville ghorofa ya tatu, alikuwa amevishikanisha hivyo vitu mara kumi na mbili katika majaribio kumi na manne. Mawili ya mwanzo yalimshinda kwa sababu alikoroga polepole mno. Baada ya hapo hakushindwa tena. Tasnifu yake ikapelekwa kwa watahini watatu. Wawili walisifu, wakatia sahihi. Wa tatu, profesa wa ng'ambo ambaye Arlène hakuwahi kumtia machoni, aliandika ukurasa mmoja na nusu.

Msimamizi wake, Profesa Maryanne, Mkenya wa Embu aliyekwisha kaa Johannesburg miaka ishirini, alimwita ofisini na kumsomea taratibu. Mtahini alisema matokeo ni mazuri mno. Lile "mno" lilimchoma Arlène kuliko tusi. Alisema yote yamefanywa na mkono mmoja, katika chumba kimoja, na haiingii akilini kwamba mtu apate mara kumi na mbili mfululizo bila kuteleza. Alitaka mtu mwingine, asiyehusika na kazi hiyo, aitengeneze upya kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa peke yake, bila kuongeza wala kupunguza, na mwandishi asikanyage chumba hicho. Ikitoka, atatia sahihi. Isipotoka, atashauri shahada isitolewe.

"Ananiita mwongo," Arlène alisema.

"Hajakuita hivyo."

"Profesa, mimi si mtoto. Anasema nimepika matokeo."

Profesa Maryanne alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Tutampa Moffat," alisema.

Ah, Moffat! Moffat Mwaniki alikuwa amefika kutoka Nairobi miezi mitano tu, kwa mkataba wa utafiti, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mtu wa maandishi. Ukimwandikia koroga dakika thelathini, dakika ya thelathini na moja humkuti. Mabomba ya maabara yalikuwa na kikaratasi cha kueleza jinsi ya kuyafunga, na katika watu wote wa idara ile ni Moffat peke yake aliyekisoma. Arlène alipolisikia jina lake alifurahi kweli kweli. Alimkabidhi daftari lake la maabara, kurasa mia mbili na kumi, mwandiko wa kusimama, kila kipimo mahali pake.

"Kila kitu kimo humu," alimwambia, kifua mbele. "Hata mtoto anaweza."

Moffat alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. "Sawa. Nitafanya vile imeandikwa."

Jaribio lilichukua siku tatu. Siku ya nne sampuli iliingizwa kwenye mashine inayopanga minyororo kwa urefu na kuchora mstari kwenye karatasi. Minyororo ikiwa imeshikana, mstari unapanda na kushuka mara moja tu, mlima mmoja. Ikiwa inakaa pamoja bila kushikana, ile mirefu inajichorea mlima wake na ile mifupi wake. Moffat alipata milima miwili.

Alirudia kutoka mwanzo. Milima miwili tena, iko mbali mbali, na katikati bonde unaloweza kulimia viazi.

Mambo ya korido hayahitaji tangazo. Arlène alipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika. Mtu aliyekuwa akimwazima mizani kila wiki sasa aliikumbatia kana kwamba ina homa. Alitembea kurudi Yeoville kwa miguu, akapita robot mbili nyekundu, zile taa za barabarani, bila kuziona, dereva wa teksi akamtukana kwa Kizulu na yeye akaitikia asante. Nyumbani hakusema kitu. Angesema nini? Mama Arlène alikuwa amekwisha mwambia mchungaji habari za mahafali, mchungaji amekwisha waambia akina mama wa kwaya, na akina mama wa kwaya walikuwa katika hatua ya kuchagua kitenge cha sare. Kila usiku alilala amekodolea macho dari, akiyapitia yale majaribio kumi na mawili moja baada ya jingine. Alijua hakudanganya. Lakini alianza kujiuliza kama kuna kitu kinachomdanganya yeye, na hilo ndilo lililomtisha.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Moffat, shati limenyooka vilevile, daftari limo kwenye mfuko wa plastiki asije akalichafua.

Mama Arlène hakujua huyu ni nani hasa, ila alijua mgeni. Kufumba na kufumbua Moffat alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha roshani, Fanta mkononi, mandazi mapajani. Jumamosi ilikuwa siku ya sabuni. Roshani nzima ilikuwa na ndoo, beseni la mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo, na vibao vya kumiminia. Mama mwenyewe, kitambaa kichwani, aliendelea na kazi yake huku sikio moja liko kwa mgeni.

"Jumatatu naandika ripoti," Moffat alisema, akiiangalia Fanta yake. "Sikutaka uisome kwa barua pepe kabla hujaniona uso."

"Ulikosea mahali."

"Sikukosea. Nimefuata neno kwa neno, mara mbili."

"Basi hukukoroga vizuri!"

"Mizunguko mia tano kwa dakika. Ukurasa wa arobaini na mbili."

"Kichocheo kilikuwa cha zamani."

"Nilifungua chupa mpya. Arlène, pole. Mimi sina ubaya na wewe."

"Ungekuwa na ubaya ingekuwa afadhali," alimjibu. "Ningekuwa na mtu wa kumchukia."

Ni wakati huo huo Mama Arlène alipotokea jikoni ameshika ndoo kwa mikono miwili, anatembea kwa tahadhari, mvuke unatoka juu. Moffat alikuwa kijana aliyefunzwa adabu na mamake, na kijana wa namna hiyo hawezi kukaa na Fanta mama mtu mzima akibeba ndoo. Aliruka. "Wacha nikusaidie, mama." Akaipokea kabla hajajibiwa, akaona beseni la mafuta liko wazi, akainamisha ndoo amimine.

"Weeee! Acha! Acha iyo!"

Majirani wa ghorofa ya pili walitoka nje. Mama Arlène aliing'ang'ania ile ndoo, akamwondoa Moffat kwa kiuno kama mtu anayesogeza kabati. "Unataka kutuunguza sisi wote? Iyo ni ya leo! Iko moto bado! Ukimwaga kwa mafuta inachemka, inatapika, sabuni inakufa!"

"Pole sana, mama. Sikujua."

"Soda inalala kwanza, mwana wangu. Inalala mpaka inapoa kabisa. Ya kutumia leo ni ya jana, ile pale." Alinyoosha kidole kwenye ndoo nyingine iliyofunikwa kipande cha mbao. "Ya leo ni ya kesho. Haujui? Nani hajui?"

Arlène alikuwa amesimama. Mdomo wazi, mkono mmoja hewani, hata mamake akadhani amechomwa na soda.

"Moffat," alisema polepole. "Soda yangu uliifanyaje?"

"Vile umeandika. Ukurasa wa arobaini na moja. Yeyusha soda kwenye maji, mimina."

"Ikiwa moto?"

"Ikiwa moto. Si ndiyo inatoka moto? Kipimajoto kiliruka mpaka themanini na tano."

"Ukakiona?"

"Nilikiona."

"Na ukanyamaza!"

"Niliambiwa nisiongeze akili yangu," Moffat alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Wewe hukuandika ningoje."

Arlène alimnyang'anya daftari, akalifungua pale pale, mfuko wa plastiki ukaanguka chini. Ukurasa wa arobaini na moja, mwandiko wa kusimama. Yeyusha soda kwenye maji. Mimina. Basi. Miaka minne alikuwa akiyeyusha soda yake alasiri kabla ya kutoka, anaifunika, anaenda zake, na asubuhi anaikuta imepoa anaimimina. Hakuwahi kuliandika hilo kwa sababu hakuwahi kulifikiria. Tangu ana miaka saba kule Katuba, Lubumbashi, alikuwa akitumwa kufunika ndoo ya soda jioni na kuifunua asubuhi. Kwake yeye hiyo haikuwa hatua ya kazi. Nani anayeandika kwamba mchele huoshwa kabla ya kupikwa?

Kumbe soda ya moto kiasi kile huvunja kile kichocheo vipande. Wabebaji wote walikuwa wakifia mpakani kabla hawajavusha hata mzigo mmoja. Ndiyo maana milima miwili. Arlène alianza kucheka, akacheka huku machozi yanamtoka, akamshika Moffat mabega akamtikisa. "Hujakosea! Na mimi sijadanganya! Unaona? Sijadanganya! Jumatatu unailaza soda, unaimimina Jumanne, itashika, haki ya Mungu itashika!"

"Sikusikia," Moffat alisema.

"Nini?"

"Nimesema sikusikia. Maelezo ni yale yaliyoandikwa peke yake. Nikienda kuifanya kwa sababu umeniambia kwenye roshani yenu, ripoti yangu itakuwa uongo. Hapo ndiyo tutakuwa waongo wawili."

Eish, Moffat! Ungeweza kumtupa chini kutoka ghorofa ya tatu, yeye na kalamu zake. Arlène alimtazama kwa hasira ya dakika nzima. Kisha akakaa kwenye kiti, kwa maana Moffat alikuwa na haki.

Mama Arlène alikuwa amefuatilia yote, kijiko kirefu cha mti mkononi. "Banasema nini hawa?" aliuliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Kosa ni lako, Arlène. Uliandika nusu. Enda useme."

Kusema ni rahisi ukiwa unamwambia mwenzio aseme. Jumapili nzima Arlène aliizunguka ile barua. Yeye aliyetembea kifua mbele na kurasa zake mia mbili na kumi, yeye wa hata-mtoto-anaweza, sasa amwandikie mtu anayemshuku kwamba daftari lake lina tundu. Angeweza kutafuta maneno ya kuzungukazunguka. Angeweza kusema vifaa vilikuwa vibovu. Jumatatu asubuhi alimwekea Profesa Maryanne karatasi mezani.

Profesa aliisoma mara mbili. "Unajua atakavyosema? Atasema kama hii imeachwa, ni ngapi nyingine zimeachwa. Anaweza kuikataa yote."

"Najua."

"Na bado unataka niitume?"

"Isipotumwa, Profesa, basi aliyoyafikiri juu yangu ni kweli." "Kosa ni langu, na kazi ni yangu. Vyote viwili nitavibeba."

Profesa Maryanne hakuwa mtu wa kumwaga sifa. Wanafunzi wake walikuwa na mzaha kwamba neno lake la "sawa" lina uzito wa keki ya harusi. Aliituma barua ile mbele ya macho ya Arlène, kisha akasema, "Sawa."

Siku tisa. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Mtahini amekubali jaribio moja tu, la mwisho. Hatua iliyosahauliwa iongezwe kwenye maelezo, na chanzo chake kitajwe, kwani kila hatua katika tasnifu lazima ijulikane imetoka wapi. Matokeo, mazuri au mabaya, yaje kwake kwanza. Mwandishi asijulishwe lolote kabla yeye hajajibu.

Jioni hiyo Arlène alikaa na kompyuta yake mezani, mamake akimenya viazi upande wa pili.

"Mama, nataka jina lako."

"Jina gani? Si unalijua."

"La kuandika kwenye tasnifu. Hatua ya soda imetoka kwako. Mtahini anataka chanzo."

Kisu kilisimama. "Andika Mama Arlène. Watu wote wananijua hivyo."

"Watu wote wa Yeoville. Hii itasomwa na watu ambao hata mimi hawanijui. Nataka jina lako lote, kama lilivyo kwenye karatasi."

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Tangu nikuzae wewe hakuna mutu aliniita hivyo. Miaka makumi tatu, karibu." Kisha akalitaja polepole, neno moja moja, akihakikisha bintiye anaandika: Ngoie Kyungu Philomène. Alisimama nyuma ya kiti akalitazama kwenye kioo cha kompyuta, chini ya sentensi moja isemayo kwamba myeyusho wa soda uachwe usiku kucha hadi upoe kabisa kabla ya kumiminwa. Mwishoni Arlène aliongeza: mtengeneza sabuni, Yeoville, Johannesburg.

"Na kama ikikataa?" mama aliuliza. "Jina langu litakuwa ndani ya kitu chenye kilikataa."

"Na langu pia, Mama."

"Aya. Tutakuwa wawili."

Moffat akaingia maabara. Wiki ile Arlène hakukanyaga chuo. Alijua saa zote kwa kichwa: sasa anayeyusha, sasa anafunika, sasa anamimina, sasa tabaka mbili zinakorogwa hadi zinakuwa nyeupe kama maziwa. Mikono ilimwasha. Mara tatu alishika simu ampigie, mara tatu akairudisha mfukoni. Mamake alichoka kumwona akizunguka nyumbani, akamburuta sokoni amsaidie kuuza, na huko akatoa chenji vibaya mpaka akapokonywa kazi, akabaki kupanga miche ya sabuni na kuipangua.

Jumamosi yake, soko limejaa, muziki wa Kikongo unatoka saluni tatu kwa wakati mmoja, Moffat alionekana akija kati ya meza za mihogo na samaki wakavu. Arlène alimwona kutoka mbali. Alimsoma mwendo, akamsoma mabega, akamsoma uso, na hakupata kitu, maana uso ule ulikuwa kama ukuta uliopakwa rangi jana. Alishika ukingo wa meza.

"Moffat, Mungu wangu, sema."

"Habari ya asubuhi, Arlène. Profesa ameshatuma kwa mtahini. Mtahini hajajibu. Mpaka ajibu, wewe siwezi kukuambia."

"Moffat!"

"Imeandikwa mwandishi asijulishwe." Alitoa kikaratasi mfukoni, akakisoma kwa sauti, kama karani anayeita watu kwenye foleni. "Namtafuta Madame Ngoie Kyungu Philomène."

Muuza samaki alitazama huku na huku. Hapa hakuna mtu wa jina hilo, alisema. Msusi aliyekuwa mlangoni akaitikia kwamba hajawahi kulisikia. Mama Arlène mwenyewe alikuwa amegeuka kumtafuta huyo Madame, na ilimchukua pumzi mbili tatu kabla mkono wake haujapanda wenyewe kifuani.

"Ni miye," alisema.

Moffat alimsogelea, akainama kidogo. "Mama, wewe si mwandishi. Wewe ni chanzo. Nimesoma barua yote mara nne, na hakuna mahali imesema chanzo asijulishwe." Akafungua bahasha aliyokuwa ameibana kwapani, akatoa karatasi moja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mama Arlène aliitazama. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Miaka minne alikuwa ameshaelezwa. Aliusindikiza ule mstari kwa kidole chenye makovu ya soda, ukapanda, ukapanda, ukafika kileleni, ukashuka, ukalala chini hadi ukingoni mwa karatasi. Alirudia tena kutoka mwanzo, kuhakikisha hakuna kingine kilichojificha. Arlène alikuwa amefumba macho.

"Arlène," mama alisema. "Mulima ni moja."

Arlène alifumbua macho. Hakupiga kelele, hakuruka. Alimwangalia Moffat, ambaye sasa ukuta wake ulikuwa umebomoka na meno yote yako nje. "Wewe peke yako?" alimuuliza. "Mimi sikuwepo kabisa? Sikugusa?"

"Hukugusa kitu. Mimi na karatasi tu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mara kumi na mbili aliiona ikitoka mikononi mwake na alijivuna kila mara, lakini haikuwahi kumpata kama hivi, kuiona imetoka mikononi mwa mtu aliyekuwa tayari kuandika kwamba haitoki. Akamkumbatia Moffat, kalamu tatu zikamchoma kifuani, naye hakujali.

Soko lilikuwa limeanza kukusanyika. Kuna nini? Nani amefariki? Nani ameolewa? Muuza samaki akauliza kwa sauti, basi huyo Philomène amepatikana?

Mama Arlène aliinua ile karatasi juu kabisa, kila mtu aione, mkono umenyooka, kitambaa kimemteleza kichwani wala hakukirekebisha.

"Philomène ni miye," alisema. "Ndiye mimi."